Kwa Nini Nati Hulegea Barabarani, na Namna ya Kuizuia

Nati ya ekseli ya pikipiki inaenea kwenye kiganja cha mtoto. Hata hivyo ndiyo inayolishika gurudumu la nyuma lisihame mahali pake mama anapobebwa na mtoto wake kwenda kliniki, au gunia la mahindi linapopelekwa sokoni. Inapolegea haitoi taarifa. Hujizungusha kidogo leo, kidogo kesho, na kufikia siku ya tatu gurudumu linacheza na mwendeshaji anadhani ni barabara mbaya.

Katika Kaunti Ndogo ya Matayos jambo hili linamgusa karibu kila mkazi. Busia ndiko neno bodaboda lilikoanzia: katika miaka ya 1960 wenye baiskeli walikuwa wakivusha wasafiri na mizigo katika eneo lililokuwa kati ya vituo vya Kenya na Uganda, wakitangaza kwa Kiingereza kwamba safari ni ya mpaka hadi mpaka. Leo pikipiki zimechukua nafasi ya baiskeli kuanzia Burumba na Mayenje hadi Busibwabo na Bukhayo Magharibi. Malori yanayoelekea Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na Kongo hupita mpaka wa Busia na ule wa Malaba ulio kaskazini. Masokoni kuna mashine za kusaga unga. Vyombo vyote hivyo vimeunganishwa kwa bolti na nati, na vyote hutetemeka kutwa nzima.

Watu wengi huamini kwamba nati ikilegea ni kwa sababu fundi hakuvuta spana kwa nguvu, basi dawa ni kutafuta spana ndefu zaidi au kuichomeka kwenye kipande cha bomba. Mara nyingine kweli nati haikukazwa. Lakini nati iliyokazwa vizuri kabisa nayo inaweza kufunguka yenyewe, na nati iliyokazwa kupita kiasi inaweza kukata bolti. Ili kujua la kufanya ni lazima kwanza kuelewa nati hushikwa na nini.

Bolti hufanya kazi kama springi

Ukitazama bolti iliyokazwa huoni chochote kikisogea, lakini ndani yake kuna kazi inayoendelea. Nati inapozungushwa hupanda kwenye nyuzi za bolti, ile miviringo iliyochongwa kwenye chuma, na kuivuta bolti irefuke. Urefu unaoongezeka ni mdogo mno, hauonekani kwa macho. Bolti iliyovutwa hivyo hutaka kurudi kwenye urefu wake wa kwanza, kama mpira wa tyubu uliofunga mzigo kwenye keria, na kwa kutaka kurudi huvibana vipande viwili vya chuma vilivyo kati ya kichwa chake na nati. Mbano huo ndio unaoshika kila kitu. Vipande vinasuguana kwa nguvu kiasi kwamba haviwezi kuteleza, na nati nayo inasuguana na nyuzi na na kile kinachoigusa chini yake, kwa hiyo haizunguki.

Sehemu kubwa ya nguvu ya mkono wa fundi haifiki huko. Wahandisi wana kipimo cha kukadiria wanachokitumia kila siku: katika kila sehemu 100 za nguvu inayotumika kwenye spana, kama 50 humalizwa na msuguano chini ya nati, kama 40 na msuguano wa nyuzi, na ni 10 tu hivi zinazobaki kuivuta bolti. Kwa sababu hiyo kutu na matope kwenye nyuzi ni hatari kuliko yanavyoonekana. Msuguano ukiongezeka kidogo kwa sababu ya uchafu, zile sehemu 10 ndizo zinazoliwa. Fundi atasikia spana imekuwa ngumu, ataridhika, kumbe amekaza kutu na bolti haijavutwa.

Kinyume chake pia ni kweli. Nyuzi zikipakwa oili, nguvu ileile ya mkono huivuta bolti zaidi, na bolti ndogo inaweza kukatika. Kitabu cha mtengenezaji kikisema nyuzi ziwe kavu, ziwe kavu. Kikisema zipakwe oili, zipakwe. Kipimo cha kukaza kilichoandikwa humo kilihesabiwa kwa hali hiyo moja.

Ubao wa kupakia magunia

Sasa mtetemo unaifunguaje nati ambayo imebanwa hivyo? Kwa miaka mingi wahandisi walidhani ni mitikisiko ya kwenda juu na chini. Mwaka 1969 mhandisi Mjerumani, Gerhard Junker, alichapisha matokeo ya majaribio aliyoyafanya kwa mashine inayotikisa vipande vilivyofungwa kwa bolti, akaonyesha kwamba adui mkubwa zaidi ni mwendo wa kando: kipande kimoja kuteleza juu ya kingine kushoto na kulia, hata kwa sehemu ndogo ya milimita.

Yeyote aliyewahi kupakia lori mpakani anaweza kulielewa jambo hili bila hesabu. Chukua ubao unaoegemezwa kwenye lori, ulioinama kiasi, na ulaze gunia juu yake. Gunia limetulia, kwa kuwa msuguano unalizuia kuteremka. Sasa mtu aushike ubao na kuutikisa kushoto na kulia. Hakuna anayelivuta gunia kwenda chini, lakini litaanza kuteremka polepole. Msuguano ukishashindwa upande mmoja, hauna tena nguvu ya kulizuia upande mwingine.

Nyuzi za bolti ni ubao ulioinama uliozungushwa kwenye fimbo ya chuma, na nati ni lile gunia. Vipande vikianza kuteleza kando, nati huteremka kwenye mteremko wa nyuzi, yaani hufunguka, bila mkono wa mtu. Kadiri inavyofunguka mbano unapungua, na kadiri mbano unavyopungua vipande vinateleza zaidi. Ndiyo maana nati inaweza kukaa wiki nzima bila kubadilika kisha ikatoka yote katika safari moja ya asubuhi.

Kuna njia nyingine ya kupoteza mbano ambayo nati haizunguki hata kidogo. Chuma kinachoonekana laini kina vilima na mabonde madogo. Kikibanwa, vilima hivyo husagika. Rangi mpya iliyopakwa rimu, punje za mchanga na ganda la kutu vilivyobaki katikati navyo husagika kwenye kilomita za kwanza. Unene unapungua kwa kiasi kidogo sana, lakini kwa kuwa bolti ilirefushwa kwa kiasi kidogo vilevile, hasara hiyo inatosha kuondoa sehemu kubwa ya mbano. Hapo ndipo kuteleza kunapoanza.

Kwa hiyo mambo mawili ndiyo yanayoamua: nyuso zinazokutana ziwe safi kabla ya kufungwa, na nati ikaguliwe tena baada ya safari fupi ya kwanza. Hili la pili ndilo linalosahauliwa zaidi, pengine kwa sababu mteja akishalipa na kuondoka gereji harudi.

Washa ya springi na imani yake

Karibu kila bolti ya pikipiki ina washa, kibati cha mviringo kinachokaa chini ya nati, na nyingi ni zile zilizokatwa upande mmoja na kupindwa zinazoitwa washa za springi. Imani iliyoenea ni kwamba hizo ndizo zinazozuia nati isifunguke.

Majaribio hayaungi mkono imani hiyo. Mwongozo wa bolti na nati uliotolewa mwaka 1990 na NASA, shirika la anga za juu la Marekani, unaeleza kwamba washa ya aina hiyo hulala bapa kabla bolti haijafikia mbano wake kamili, na kuanzia hapo haina tofauti na washa ya kawaida. Kwenye mashine ya aina ya Junker, nati yenye washa ya springi hufunguka kama ile isiyo nayo.

Hii haimaanishi wakazi waanze kuzing'oa. Kama mtengenezaji aliiweka, irudishwe mahali pake, kwa kuwa unene wake ulihesabiwa. Lakini mtu asikaze nati nusu akitegemea washa imsaidie.

Gurudumu la nyuma la bodaboda

Pikipiki za sisi 100 hadi 150 zinazotumika na wengi hapa zina injini ya silinda moja, na silinda moja hutikisa fremu kuliko mbili au nne. Ongeza barabara ya murram yenye mawimbi, matuta ya lami na mizigo inayoyumba, na utaona kwa nini pikipiki ya bodaboda inahitaji kukaguliwa mara nyingi kuliko ile ya mtu anayekwenda kazini na kurudi.

Sehemu inayofunguliwa mara kwa mara zaidi ni ekseli ya nyuma, kwa sababu ya cheni. Cheni ikilegea, mwendeshaji hufungua nati ya ekseli, hulivuta gurudumu nyuma kwa virekebishi viwili, kisha hukaza tena. Kazi hiyo huchukua dakika kumi kando ya barabara, mara nyingi abiria akisubiri. Makosa matatu hutokea humo. La kwanza ni kutofuta tope mahali ekseli inapoegemea. La pili ni kukaza kwa spana fupi iliyobebwa chini ya kiti, ambayo haifikishi nguvu inayohitajika. Mwendeshaji akitengenezea njiani, apite gereji jioni hiyohiyo ikazwe kwa kipimo. La tatu ni kuitupa pini.

Pini inayozungumziwa ni ile ya miguu miwili inayopita kwenye tundu la ekseli na kwenye meno ya nati, kisha miguu ikapindwa. Ikumbukwe inafanya nini na haifanyi nini. Haizuii mbano kupungua. Inachozuia ni nati kuzunguka hadi ikaanguka, na hiyo ndiyo tofauti kati ya gurudumu linalocheza, ambalo mwendeshaji atalisikia, na gurudumu linalotoka. Pini iliyokwisha kupindwa na kunyooshwa huwa imechoka na inaweza kukatika, kwa hiyo kila nati ikifunguliwa iwekwe mpya. Msumari au waya wa kufungia ua si badala yake, wala kipande cha mpira wa tyubu kilichozungushiwa nati. Mpira huo unafanya jambo baya zaidi: unaifunika nati isionekane.

Kuna bolti nyingine ya nyuma ambayo wachache huiangalia. Kwenye pikipiki yenye breki ya ngoma, yaani isiyo na diski, kuna fimbo ya chuma inayounganisha sahani ya breki na fremu. Kazi yake ni kuizuia sahani isizunguke pamoja na gurudumu breki inapokanyagwa. Bolti ya fimbo hiyo ikianguka, mwendeshaji hatajua lolote hadi atakapofunga breki kwa nguvu. Hapo sahani itazunguka, itavuta fimbo ya kanyagio, na gurudumu linaweza kujifunga ghafla. Bolti hiyo nayo inastahili pini yake, na ni vyema ikaguliwe kila cheni inapokazwa.

Nyingine za kutazama kila wiki ni bolti zinazoshikilia injini kwenye fremu, zile za usukani, za sproketi ya nyuma, za keria na za kishikizo cha ekzosi. Bolti ndogo hazihitaji nguvu. Bolti ya chuma cha kawaida yenye unene wa milimita 6 hutaka nguvu ya kama nyutoni mita 10 tu, ambayo ni sawa na kusukuma kilo 10 kwenye mwisho wa mpini wa sentimita 10. Anayeikaza kwa spana ndefu na mkono wote huivunja, au huilegeza kabisa kwa kuivuta kupita uwezo wake wa kurudi. Bolti iliyovutwa hivyo imekufa hata kama haijakatika.

Kuna njia rahisi ya kujua kama nati imezunguka bila kuigusa. Baada ya kukaza, chora mstari mwembamba unaovuka kutoka kwenye bolti, juu ya nati, hadi kwenye chuma kilicho chini yake. Rangi ya kucha inafaa kabisa, na chupa moja inatosha pikipiki za stesheni nzima. Kila asubuhi mwendeshaji anatazama tu: mstari ukiwa umevunjika, nati imesogea. Viwandani na kwenye ndege hufanywa vivyo hivyo kwa rangi maalumu. Abiria naye anaweza kuuona mstari huo kabla ya kupanda.

Wazee wanaoendelea na baiskeli wanajua jambo lingine linalohusiana na hili. Pedali ya kushoto ya baiskeli hufunguliwa kinyume na nati nyingine zote. Pedali inapozunguka huku ikikanyagwa, msukumo unaozunguka ndani ya nyuzi huielekeza ifunguke upande mmoja, na nyuzi za kinyume huufanya msukumo huohuo uikaze. Kijana anayejaribu kuifungua kwa njia ya kawaida anaikaza zaidi, kisha anailaumu kutu.

Malori yanayopita Busia na Malaba

Gurudumu la lori likichomoka kwenye mwendo haliishii kwa lori hilo. Linaweza kuwa na uzito wa kilo 100 hivi likiwa na tairi, na linaendelea kubingirika kwa mwendo lililokuwa nao hadi ligonge kitu. Kando ya barabara zetu kitu hicho kinaweza kuwa kibanda cha mboga au wanafunzi wanaotoka shuleni.

Magurudumu mengi ya malori hushikwa na nati 10, na kila moja hutaka kukazwa kwa nguvu ya nyutoni mita 600 au zaidi, kulingana na aina ya lori. Kwa lugha ya kawaida, ni kama mtu wa kilo 60 aning'inie kwenye mwisho wa spana yenye urefu wa mita 1. Akiwa na spana ya nusu mita hafiki nusu ya safari. Akiruka juu ya bomba la mita 2, amepitiliza. Ndiyo sababu ipo spana inayopima nguvu, inayotoa sauti inapofika kipimo kilichowekwa. Ni ghali kwa fundi mmoja, lakini mafundi kadhaa wanaofanya kazi mahali pamoja wanaweza kuchanga na kuinunua.

Mpangilio wa kukaza nao una maana. Nati hazifuatani kwa mzunguko kama shanga. Hukazwa kwa kuvuka, ya juu kisha ya chini, ya kulia kisha ya kushoto, kwanza kwa nguvu kidogo zote, halafu kwa kipimo kamili. Zikifuatwa kwa mzunguko, rimu hukaa upande na nati za mwisho hudhani zimebana, kumbe kuna mwanya. Kabla ya hapo rimu na uso inaoegemea visuguliwe kwa brashi ya waya hadi kutu na rangi iliyovimba itoke. Kwenye baadhi ya malori ya zamani nati za upande wa kushoto zina nyuzi za kinyume, kwa sababu ileile ya pedali ya baiskeli, na dereva asiyejua anaweza kuzikata akidhani anazifungua.

Kisha lori likaguliwe tena. Desturi inayofuatwa na makampuni makini ya uchukuzi ni kukaza upya baada ya kilomita 40 hadi 80 tangu gurudumu lilipofungwa. Lori lililobadilishiwa tairi Malaba na kuelekea Nairobi lisimamishwe Bungoma au Webuye, si Eldoret. Lililobadilishiwa Busia na kushika njia ya Kisumu lisimame Ugunja. Dereva aliyekaa kwenye foleni ya mpakani ana muda wa kutosha wa kuzunguka lori lake kabla ya kuondoka. Atafute michirizi ya kutu inayoanzia kwenye nati kama miale ya jua, bolti iliyokatika, au tundu la rimu lililotanuka na kuwa la yai. Michirizi hiyo hutokea kwa sababu chuma kinasuguana. Nati iliyobana haina michirizi. Nati moja ikikutwa imekatika, zile za jirani zimebeba mzigo wake na haziaminiki tena.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka kila chombo kinachotumika barabarani na sehemu zake zote zitunzwe katika hali isiyohatarisha watu. Wajibu huo haumalizwi na karatasi ya ukaguzi. Chombo kinaweza kupita ukaguzi Jumatatu na kubadilishwa tairi Jumanne.

Nchi zenye mashine bora kuliko zetu zimeona gharama ya kusahau. Nchini Uingereza, tarehe 10 Mei 2002, treni iliacha njia karibu na stesheni ya Potters Bar, kaskazini mwa London, na watu 7 wakafa. Wachunguzi walikuta nati zimetoka kwenye vyuma vinavyoshika reli pale treni inapobadilishiwa njia. Miaka mitano baadaye, tarehe 23 Februari 2007, treni nyingine ilianguka Grayrigg, kaskazini magharibi mwa nchi hiyohiyo, na mtu mmoja akafa. Huko pia bolti zilikuwa zimelegea, na ukaguzi uliopaswa kuziona siku chache kabla haukufanyika.

Nati za nailoni, nati mbili na gundi

Vipo vifaa vinavyosaidia kweli, kila kimoja na mipaka yake. Nati yenye pete ya nailoni ndani hung'ang'ania nyuzi hata mbano ukipungua, kwa hiyo haidondoki upesi. Pete hiyo huchakaa kila inapofunguliwa. Kama nati inapita kwa vidole bila spana hadi mwisho, imekwisha kazi. Isiwekwe karibu na ekzosi, kwa sababu nailoni hulainika kwenye joto.

Nati mbili juu ya bolti moja hufanya kazi zikifungwa kwa utaratibu ambao si wengi wanaoufuata. Iliyo nyembamba hukaa chini, nene hukaa juu, na ya chini hushikwa kwa spana moja wakati ya juu inakazwa dhidi yake kwa spana nyingine. Zikikazwa moja baada ya nyingine kwa spana moja, ni nati mbili zinazolegea pamoja.

Gundi ya nyuzi ilibuniwa mwaka 1953 na Vernon Krieble, mwanakemia wa Hartford, Marekani. Hubaki majimaji ikiwa na hewa na hugeuka ngumu ikikosa hewa kati ya chuma na chuma. Hujaza mianya ya nyuzi, hivyo hata vipande vikitaka kuteleza nati haina nafasi ya kucheza. Kwa kawaida ya buluu inafunguka kwa spana, na nyekundu hutaka kupashwa moto kwanza. Nyuzi lazima zisafishwe oili kabla ya kuipaka, tone moja au mawili yanatosha, na iachwe ikauke kadiri kibandiko kinavyosema. Supa gluu ya dukani si kitu hicho. Hukauka ikawa kama kioo na kuvunjika kwa mtetemo.

Hakuna kati ya hivi kinachochukua nafasi ya kukaza ipasavyo. Nati isiyo na mbano ikipakwa gundi itabaki mahali pake huku vipande inavyovishika vikiendelea kusuguana hadi bolti ikatike.

Kijana anayetaka kujifunza kazi hii kwa mpangilio anaweza kuuliza katika vyuo vya ufundi stadi vilivyo chini ya kaunti, ambavyo Katiba ya 2010 iliviweka katika majukumu ya serikali za kaunti.

Mashine za kusaga

Mashine ya kusaga unga husimama mahali pamoja, lakini ina nyundo za chuma zinazozunguka mara maelfu kwa dakika, na injini ya dizeli inayoisukuma hutikisa sakafu. Bolti zinazoifunga kwenye saruji hulegea kwanza upande wa injini. Mwenye mashine akiona vumbi jembamba la saruji kuzunguka bolti, au mkanda unaoanza kukimbilia upande mmoja, asimamishe kazi. Injini izimwe, gurudumu lake zito lisimame kabisa, na mkanda utolewe kabla mkono haujaingia ndani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka sehemu hatari zinazozunguka ziwe na kinga, na kinga hizo ndizo zenye bolti ndogo zinazodondoka mapema kuliko zote.

Mtetemo ukizidi ghafla baada ya kubadilisha nyundo, kukaza bolti za chini hakutasaidia. Chanzo ni nyundo zenyewe: upande mmoja umekuwa mzito kuliko mwingine. Nyundo hubadilishwa kwa jozi zinazotazamana, na zipimwe kwanza, mbili mbili, kwenye mizani ileile inayopimia unga wa wateja.